Siku niliyochukuliwa kinyama, hapa Columbus

Nyote wa Tanga, wa Muheza, wa Dar, na nyie wa Mombasa mnaonisoma kimya kimya bila hata kuacha salamu (nawajua!). Najua nilipotea. Wengine mliuliza kama nimehama Ohio, wengine mkadhani nimenuna. Sijahama wala sijanuna. Nilikuwa na jambo, na sikutaka kuliandika nusu nusu likaanza kutembea Ngamiani kabla mimi mwenyewe sijajua mwisho wake. Sasa nimejua, kwa hiyo leo naliandika lote. Kina baba na kina kaka msikimbie, nanyi mna mama na mna wake.

Jambo lenyewe ni la ziwa. Ndiyo, ziwa, titi, iteni mnavyoita.

Kwa wageni wa hapa, kazi yangu ni ukalimani hospitalini. Columbus ina Wakongo wengi walioletwa kama wakimbizi, wapo Warundi, na wapo Wasomali waliokulia kambini Kenya na Kiswahili wanakijua. Sheria ya huku inasema hospitali inayopokea fedha za serikali kuu lazima impe mgonjwa mkalimani bure, ndipo mimi ninapopatia mkate wangu. Miaka tisa sasa nasimama nyuma ya pazia na kina mama wa watu, nawaambia kwa Kiswahili anachosema daktari. Neno biopsi nimelitafsiri sijui mara ngapi. Huwa nasema "watachukua kinyama kidogo wakakipime." Sisemi "watakata", kwa sababu ukisema kukata mama wa watu anawaza kisu na kitanda cha operesheni, na hapo hapo anaomba mkoba wake aondoke. Na kwa Wakongo sisemi saratani, wananikodolea macho tu. Nasema kansa.

Kwa hiyo mtu angefikiri mimi nimezoea. Wapi!

Januari 2025 nilienda kupiga ile picha ya maziwa wanayoita mamogramu. Nina miaka 47, na huku siku hizi wanashauri mwanamke aanze akifika 40, kila baada ya miaka miwili. Ilikuwa mara yangu ya tatu. Mwasikia watu wakisema inauma? Haiumi sana, ila inakera. Ziwa linabanwa kati ya vibao viwili mpaka linakuwa kama chapati, unaambiwa usipumue, klik, umemaliza. Nikarudi kazini nikasahau.

Baada ya siku sita ikaja barua. Imeandikwa kwa upole sana, ule upole wa Kimarekani unaotia hofu: picha zako zinahitaji kuangaliwa zaidi, tafadhali rudi. Ikaongeza kwamba maziwa yangu ni mazito. Msinicheke! Si uzito wa mizani. Maana yake nyama yake ya ndani ni nyingi kuliko mafuta, na kwenye picha nyama hiyo inaonekana nyeupe, na kansa nayo inaonekana nyeupe, kwa hiyo kuitafuta humo ni kama kutafuta kipande cha nazi kwenye sahani ya wali. Tangu Septemba 2024 ni lazima kila mwanamke anayepigwa picha hiyo hapa Marekani aambiwe kama yake ni mazito au sivyo.

Nikarudi. Safari hii walipiga picha za kukuza, ziwa la kushoto peke yake. Kisha daktari wa picha akaniita chumba chenye giza akanionyesha. Sikuona uvimbe wowote. Niliona vidoti vyeupe, vidogo kama chumvi iliyomwagika kwenye kitambaa, vimejikusanya sehemu moja. Akasema ni chembe za chokaa. Wanawake wengi wanazo na nyingi hazina maana yoyote, lakini hizi hazikuwepo kwenye picha zangu za zamani, zimekaa kikundi, na umbo lake halieleweki vizuri. Wakati mwingine chembe za namna hiyo ndiyo dalili ya kwanza ya kansa iliyo bado ndani ya mirija ya maziwa, kabla hujagusa kitu kwa mkono.

Mimi nikamwuliza, je, ni kwa sababu nakula sana dagaa? Maana nyumbani kwangu dagaa hawakatiki, naletewa na kila anayesafiri. Akacheka mpaka akavua miwani. Akasema hapana, chokaa hiyo haitokani na chakula, endelea na samaki wako.

Halafu akaacha kucheka akaniambia namba. Huku picha za maziwa zinapewa namba kuanzia 0 mpaka 6. 0 maana yake haijaeleweka, rudi. 1 na 2 uko salama. 3 tungoje miezi sita. 5 karibu ni yenyewe. 6 imeshathibitishwa. Yangu ilikuwa 4, na 4 wanaigawa tena A, B na C. Yangu B. B maana yake uwezekano wa kansa ni kati ya 10 na 50 kwa mia. Sasa nyie niambieni, mtu ukiambiwa kati ya kumi na hamsini unalala vipi? Ile namba nimeitafsiri kwa wengine kwa sauti ya utulivu kabisa. Siku ile niliendesha gari mpaka nyumbani nikakuta nimepitiliza barabara yangu mara mbili.

Miadi ikapangwa Jumanne, tarehe 11 Februari, saa mbili asubuhi. Tanga hiyo ni saa kumi jioni.

Sasa hapa nataka nikae kidogo.

Nilimwambia mume wangu usiku ule ule. Nikampigia kaka yangu aliyeko Dar. Jibu lake la kwanza: "Usimwambie mama, presha itapanda." Na nyie wote mnajua ndivyo tunavyofanya. Mtu yuko Ulaya au Marekani anaumwa, mama anaambiwa yuko bize na kazi. Mama naye akiumwa kule, sisi tunaambiwa ana mafua. Tunadanganyana kwa mapenzi mpaka siku ya simu ya usiku wa manane.

Mimi nilimkumbuka shangazi. Wa ukoo mnamjua, wengine niwaeleze tu kwamba ndiye aliyenilea nilipokuwa nasoma sekondari, na alifariki mwaka 2003. Tulipojua anaumwa alikuwa ameshafika mbali. Alikuwa anajifunga kanga mbili kifuani hata kwenye joto la Februari, sisi watoto tunadhani ni baridi ya utu uzima. Ilipojulikana, kulikuwa na kidonda. Alipelekwa Bombo, Bombo wakamwandikia Ocean Road, na kule wakafanya walichoweza kwa mtu aliyefika wakati ule. Ninachokumbuka zaidi ni wazee waliokaa barazani wakisema kosa ni sindano aliyochomwa, kwamba uvimbe ulikuwa umelala wakauamsha. Maneno hayo nimeyasikia tena hapa Columbus, kwa Kiswahili cha Bukavu, miaka ishirini baadaye. Mama wa watu anakataa biopsi kwa sababu dada yake alichomwa sindano akafa. Alichomwa sindano KWA SABABU alikuwa na ugonjwa, jamani. Sindano ndiyo iliyoutaja tu.

Basi nikampigia mama. Alhamisi, kabla sijaenda kazini, kule anasubiri magharibi. Nikaamkia, nikauliza hali, nikaambiwa habari za bei ya mchele na za jirani aliyejenga ukuta ukaingia kwetu. Nikamwacha amalize. Kisha nikamwambia, mama, nina vitu kwenye ziwa, vinapimwa Jumanne, naomba dua.

Kimya. Nikadhani mtandao umekatika. Nikaita, "Mama?"

Akasema, "Shangazi yako alinionyesha."

Nikauliza alikuonyesha nini.

"Lile ziwa. Mwaka 2001, tukiwa tunaoga kwa ajili ya harusi ya Muheza. Lilikuwa kama kokwa ya ukwaju. Akaniapiza nisimwambie kaka yake wala mtu yeyote. Sikumwambia."

Miaka miwili, wapendwa. Mama yangu alikaa nayo miaka miwili na shangazi akiwa hai, halafu akakaa nayo zaidi ya ishirini na shangazi akiwa kaburini. Mzee wangu amekufa hajui. Sikumlaumu hata kidogo, na nyie msithubutu kumlaumu. Wangemwambia baba, baba angeita waganga wote wa Handeni, nani anajua. Mama akalia, nami nikalia, jua la kule likazama. Mwisho akasema, "Wewe nenda kakatwe. Na ukitoka unipigie hata kama ni usiku." Presha haikupanda. Kaka yangu nilimwambia.

Haya, Jumanne.

Baridi ilikuwa ya kuvunja meno. Mume wangu akanipeleka. Nilikuwa nimepiga simu kabla kuomba wahudumu wanawake kadiri inavyowezekana, kwa sababu ya stara yangu, na niwasifu, hawakuniuliza maswali mengi. Wanaopiga picha za maziwa huku karibu wote ni wanawake. Daktari alikuwa mwanamke pia. Wakanipa gauni linalofungukia mbele, na muuguzi akasema ushungi wangu nibaki nao, hausumbui kitu.

Biopsi ziko za namna nyingi. Ukiwa na uvimbe unaoonekana kwa ultrasaundi, wanachoma sindano huku wanautazama kwenye kioo, unalala chali. Chembe zangu ultrasaundi haikuzipata, kwa hiyo ilibidi ziongozwe na mamogramu. Na hapo ndipo vituko vilipo. Kitanda kina tundu! Unalala kifudifudi, ziwa linaning'inia kwenye tundu, kitanda kinapandishwa juu kama gari kwa fundi, na wao wanakaa chini kwenye viti. Nilijiona kama ng'ombe wa maziwa. Kwa Kiswahili nikasema peke yangu "ee Mola nisitiri", muuguzi akauliza nimesemaje, nikamwambia nasali. Akasema endelea.

Ziwa likabanwa, wakapiga picha kutoka pembe mbili, kompyuta ikapiga hesabu chembe ziko umbali gani ndani, kwa milimita. Ikaja sindano ya ganzi. Hiyo ndiyo iliyouma, kama kuumwa na siafu wawili hivi, kisha ikaisha. Wakachana ngozi kidogo, kama nusu sentimita, ndipo ikaingia ile sindano kubwa yenyewe. Sikuisikia kwa maumivu ila niliisikia kwa mvutano, na kwa masikio. Inavuta kwa upepo, inakata, inavuta, inakata, mlio kama cherehani ya fundi akishona kitambaa kizito. Nilihesabu vinyama kumi na moja. Shingo ndiyo iliyoniuma kuliko ziwa, maana uso umegeuzwa upande mmoja na hauruhusiwi kutikisika, kama dakika ishirini hivi.

Halafu walivipiga picha vile vinyama vyenyewe, kuona kama chembe zimo. Zimo. Daktari akanionyesha, vidoti vile vile vyeupe, sasa viko nje yangu. Siwezi kueleza nilivyojisikia.

Kabla ya kutoa sindano wakaniachia alama humo ndani, kipande cha titani kidogo kama mbegu ya ufuta, ili siku nyingine wajue walichukua wapi. Kinakaa maisha. Kwa wanaouliza: hapana, uwanja wa ndege hakilii. Hawakushona, walibandika tu plasta, wakanipiga mamogramu nyingine ya taratibu, wakanipa mfuko wa barafu niuweke ndani ya sidiria. Nisibebe kitu kizito siku mbili, nisinywe aspirini. Kesho yake ziwa lilikuwa limevia damu, rangi ya zambarau hasa, zile zambarau zilizoiva za kule Amani. Mume wangu akapika siku mbili mfululizo. Wali wake tuuache.

Nilimpigia mama nikiwa bado ndani ya gari. Akauliza, "Wamekata kikubwa?" Nikamwambia kama punje za mchele, kumi na moja. Akasema, "Alhamdulillah, mchele hata mimi nautoa." Huyo ndiye mama yangu.

Kisha kungoja. Muuguzi alinionya: majibu yanaingia kwenye simu yako moja kwa moja. Tangu 2021 kuna sheria huku kwamba majibu yakitoka maabara yasizuiliwe, mgonjwa ayaone, hata kama daktari hajayasoma. Akasema, "Unaweza kuyaona kabla hatujakupigia. Ni wewe kuchagua kama utafungua peke yako." Hii sheria nina maneno nayo. Ni haki ya mtu kujua habari za mwili wake, naikubali. Lakini nimewaona kina mama wasiojua Kiingereza wakifungua karatasi hiyo kwenye basi, wakamwonyesha mtoto wa darasa la tano awasomee. Neno kama lile halifai kutoka kinywani mwa mtoto wa darasa la tano.

Yangu yaliingia Ijumaa tarehe 14 Februari, saa kumi na moja jioni, niko kwenye maegesho ya duka. Ilikuwa ile siku yao ya wapendanao, kila anayetoka ana maua mekundu au puto lenye umbo la moyo, mwanaume mmoja puto limemponyoka analikimbiza kwenye theluji. Simu ikalia. Nikaketi ndani ya gari, nikafunga mlango. Niliamua kufungua. Mume wangu alikuwa kazini, na mimi maneno yale ndiyo kazi yangu, kama kuna mtu wa kuyasoma ni mimi.

Nikafanya kama ninavyofanya kazini. Nikasoma sentensi moja kwa Kiingereza, nikaisema kwa Kiswahili kwa sauti, kama kuna mama ameketi kiti cha pili. "Ziwa la kushoto. Kinyama kilichochukuliwa kwa sindano. Wameona mabadiliko ya kawaida ya nyama ya ziwa, na vifuko vidogo vya maji. Wameona chembe za chokaa humo humo. Hawakuona kansa."

Hawakuona kansa. Nikairudia mara ya pili, kwa sababu mgonjwa wangu alikuwa hasikii vizuri, analia.

Jumatatu daktari alipiga. Akasema jambo ambalo wengi hawalijui: haitoshi maabara kusema hakuna kansa. Lazima aliyepiga picha na aliyepima kinyama wakubaliane. Kama picha ilionekana mbaya na kinyama kimesema ni kizuri, huenda sindano ilikosa mahali, na inabidi kurudia au kufanya operesheni. Yangu yalikubaliana, kwa sababu chembe zilizoonekana ndizo zilizopatikana. Akasema pia biopsi nyingi za maziwa huku, kama nane katika kila kumi, hazikuti kansa. Nikamwambia ungeanza na hilo, dada.

Sasa, bili. Najua kuna watu huko mnaamini Marekani tunatibiwa kwa kadi tu. Picha ya kwanza ya uchunguzi bima inalipa yote, ndiyo sheria. Lakini kwa bima yangu mwaka 2025, wakishakwambia rudi, kuanzia hapo ilikuwa wewe na mfuko wako mpaka ufikishe kiwango fulani cha mwaka ndipo bima ishike sehemu yake, na Januari na Februari ndio mwaka ulikuwa umeanza upya, yaani umeanza sifuri. Zilikuja bahasha tatu, ya hospitali, ya daktari wa picha na ya maabara. Jumla dola 2,340. Niliomba nilipe kidogo kidogo, nikamaliza Desemba. Ndiyo maana mwaka jana waliozoea kupata kitu cha Idi walipata maneno mazuri tu. Mtanisamehe.

Agosti 2025 nilirudi kwa picha ya upande ule mmoja. Mbegu yangu ya ufuta ipo pale pale, na chembe zilizobaki hazijaongezeka.

Sikuwa nimemwambia mama kwamba habari hii ni siri, kwa hiyo hakuifanya siri. Aliitoa kwenye chama chao cha kina mama, siku ya mchango, kwamba mwanangu Marekani ametolewa punje kumi na moja za nyama kwenye ziwa na kuwekewa ufuta wa chuma, na ni mzima, na hakuna kilichoamka. Na akaendelea akasema na habari ya shangazi, yote, mpaka kokwa ya ukwaju. Nasikia watu walinyamaza mpaka chai ikapoa.

Tangu hapo simu yangu haipumziki. Wananitumia sauti, wengine hawajitaji jina. Inauma? Unavuliwa nguo zote? Mume lazima atie sahihi? Uvimbe usiouma nao unapimwa? Najibu ninayoyajua: haiumi kama kuzaa, unavua juu tu, sahihi ni yako mwenyewe, na usioumwa ndio hasa ukapimwe. Ya hospitali za kule nawaambia waanze Bombo, wasingoje mtu wa Marekani.

Mmoja wao, rika la mama, alienda Septemba. Alikuwa na chake tangu kabla ya korona. Mama ndiye aliyemsindikiza, wakapanda daladala moja, na kinyama chake kikachukuliwa. Majibu yake ni yake, siyaandiki hapa. Ila mama huwa anakwenda naye.